John Lavery: Mchoraji Aliyeitazama Vita Kutoka Angani

1. Picha ya bahari

Katika mji wa London, nchini Uingereza, kuna jumba kubwa la makumbusho ya vita. Jumba hilo linahifadhi silaha, barua, nguo za askari na picha nyingi. Moja ya picha hizo ilichorwa kwa rangi mwaka 1918.

Picha hiyo inaonyesha bahari. Lakini haionyeshi bahari kama unavyoiona ukisimama pwani. Inaonyesha bahari kutoka juu sana, kama anavyoiona ndege arukaye. Chini kabisa, juu ya maji, meli zinakwenda kwa msafara. Kutoka huko juu meli hizo ni ndogo kama vitu vya kuchezea watoto.

Mchoraji alikuwa ndani ya chombo kilichoruka angani. Jina lake ni John Lavery. Alikuwa na umri wa miaka 62. Katika masomo haya utasoma habari za maisha yake. Utasoma alivyokua bila baba wala mama, na alivyojifunza kazi yake. Utasoma pia alivyokuja kuzihukumu picha zake mwenyewe alipokuwa mzee.

2. Mtoto yatima

John Lavery alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Belfast, nchini Ireland. Wakati huo Ireland yote ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la kuuza pombe. Biashara haikwenda vizuri. Baba akaamua kwenda Marekani kutafuta maisha, kama walivyofanya watu wengi wa Ireland siku hizo.

Mwezi wa Aprili mwaka 1859 baba yake Lavery alipanda meli iitwayo Pomona. Meli hiyo iliondoka Liverpool, ikielekea New York. Haikufika mbali. Usiku ilipigwa na dhoruba, ikakwama katika mchanga karibu na pwani ya Ireland, ikavunjika. Watu karibu 400 walikufa maji. Baba yake Lavery alikuwa mmoja wao.

Mama alibaki na watoto wadogo. Baada ya miezi michache naye akafa. John alikuwa na miaka mitatu tu.

Mtoto huyo akachukuliwa na baba yake mdogo, aliyekuwa mkulima. Akakaa shambani kwa miaka kadhaa. Alipofika umri wa miaka kumi hivi, akapelekwa Scotland, ng'ambo ya bahari, kwa ndugu mwingine. Ndugu huyo alikuwa akikopesha watu fedha na kushika vitu vyao rehani. John hakupendezwa na maisha hayo. Alipokuwa kijana akaenda mji wa Glasgow kujitafutia kazi.

Wewe msomaji unajua maisha ya yatima. Leo yuko kwa huyu, kesho yuko kwa yule. Kila nyumba ina desturi zake, naye hana budi kuzifuata. John Lavery alijifunza mapema kuangalia watu kwa makini. Jambo hilo lilimsaidia baadaye.

3. Kujifunza kazi

Siku hizo picha za kamera zilikuwa nyeusi na nyeupe. Watu waliotaka picha nzuri walilipa zaidi ili zitengenezwe kwa mkono. Kijana Lavery alipata kazi kwa mpiga picha mmoja wa Glasgow. Kazi yake ilikuwa kurekebisha picha kwa brashi ndogo. Alifuta madoa na kupaka rangi.

Alifanya kazi hiyo kwa mshahara, na wakati huohuo alikwenda katika shule ya kuchora. Hivyo alikuwa mfanyakazi na mwanafunzi pamoja, kama wewe unayelima au kufanya biashara na huku unahudhuria darasa.

Baadaye akafungua chumba chake cha kuchorea. Siku moja chumba hicho kikaungua moto. Lakini alikuwa amekikatia bima. Bima ni mpango wa kulipa fedha kidogo kidogo, ili ukipatwa na hasara ulipwe. Lavery alilipwa. Fedha zile hakuzimaliza katika anasa. Alizitumia kwenda kusoma London, na mwaka 1881 akaenda kusoma Paris, mji mkuu wa Ufaransa.

Huko Ufaransa alikaa pia katika kijiji cha Grez, kilicho kando ya mto. Wachoraji wa kijiji hicho hawakujifungia ndani. Walichukua rangi zao wakaenda nje, wakachora mto, miti na watu mahali walipo. Lavery akajifunza kuchora upesi, kabla mwanga wa jua haujabadilika.

4. Jina lake linasikika

Lavery alirudi Glasgow mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye palifanyika maonyesho makubwa ya biashara na viwanda katika mji huo. Malkia Victoria wa Uingereza alikuja kuyatembelea. Lavery akapewa kazi ya kuchora ziara hiyo ya Malkia.

Kazi ilikuwa ngumu. Wakubwa wengi walikuwapo, na kila mmoja alitaka uso wake utambulikane. Lavery alichora nyuso za watu zaidi ya 200 katika picha moja. Ilimchukua kama miaka miwili. Lakini alipoimaliza, matajiri na watu wenye vyeo walikwisha kumfahamu. Tangu hapo hakukosa kazi.

Katika nyumba yake furaha haikudumu. Alioa mwaka 1889. Mke wake akajifungua mtoto wa kike, na muda mfupi baadaye mke huyo akafa, mwaka 1891. Mtoto wa Lavery naye akakua bila mama, kama baba yake.

Mwaka 1896 Lavery alihamia London. Alisafiri sana, hata alikuwa na nyumba Tangier, katika nchi ya Morocco. Mwaka 1909 alioa tena. Mke wake wa pili aliitwa Hazel, naye alitoka Chicago, Marekani. Hazel alikuwa mzuri wa sura, na yeye mwenyewe alijua kuchora. Lavery alimchora mara nyingi sana.

5. Vita vinaanza

Mwaka 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza. Uingereza, Ufaransa na wenzao walipigana na Ujerumani na wenzake. Vita hivyo vilifika mpaka Afrika ya Mashariki, na watu wengi wa huku walikufa wakiwa askari na wapagazi.

Lavery alikuwa na miaka 58. Hakuweza kuwa askari. Lakini serikali ya Uingereza ilitaka vita vichorwe, ili watu wa baadaye wavikumbuke. Mwaka 1917 Lavery akawekwa kuwa mmoja wa wachoraji wa serikali.

Wachoraji wengine walipelekwa Ufaransa, mahali askari walipokuwa wakipigana ndani ya mahandaki yenye matope. Lavery hakwenda. Afya yake ilikuwa mbaya. Tena, alipata ajali mbaya ya motokaa wakati Wajerumani walipokuwa wakiutupia mji mabomu kutoka angani. Kwa hiyo akabaki Uingereza. Alichora bandari, manowari, viwanda vya silaha na hospitali. Na alichora meli za angani.

6. Meli ya angani ni nini?

Huenda hujapata kuona meli ya angani. Basi fikiri juu ya puto la mtoto. Puto likijazwa hewa nyepesi hupanda juu. Sasa fikiri puto lenye umbo la muhogo mnene, urefu wake mita 80. Mtu mzima akilipima kwa miguu atahesabu hatua 100 hivi. Ndani yake imejazwa haidrojeni, yaani hewa nyepesi kuliko hewa tunayoivuta. Chini yake kimening'inizwa chumba cha watu, na nyuma yake kuna injini mbili za kukisukuma chombo.

Hiyo ndiyo meli ya angani ya Waingereza ambayo Lavery alisafiri nayo. Iliitwa N.S. 7. Herufi hizo mbili zilikuwa kifupi cha jina la Bahari ya Kaskazini, iliyo kati ya Uingereza na Ujerumani. Meli ya namna hiyo ilibeba watu kama kumi. Iliweza kukaa angani mchana na usiku bila kutua.

Wajerumani nao walikuwa na meli za angani, kubwa kuliko hizo. Walizitumia kutupa mabomu juu ya miji ya Uingereza. Watu zaidi ya 500 waliuawa katika mashambulio hayo. Mwezi wa Novemba mwaka 1917 meli moja ya Wajerumani, iliyoitwa L 59, iliondoka Bulgaria kuja Afrika ya Mashariki. Ilibeba dawa, risasi na vitu vingine vya askari wa Kijerumani waliokuwa wakipigana huku. Ilipofika juu ya nchi ya Sudan ikapata habari kwa redio kwamba irudi. Ikarudi ilikotoka, baada ya kukaa angani saa 95.

Kwa nini Waingereza walihitaji meli za angani? Sababu ni chakula. Uingereza ni kisiwa. Wakati huo ngano na nyama nyingi zililetwa kwa meli kutoka nchi za nje. Wajerumani walikuwa na nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Nyambizi zilizizamisha meli za chakula kwa mamia. Kama meli zote zingezamishwa, watu wa Uingereza wangekufa njaa.

Mwaka 1917 Waingereza wakaanza kuzipeleka meli za mizigo kwa msafara. Meli moja haikusafiri peke yake. Zilikwenda pamoja, huku manowari zikizilinda pembeni. Na juu angani, meli ya angani ilizifuata. Watu waliokuwa juu walitazama majini kwa darubini. Wakiona dalili ya nyambizi, waliziarifu manowari kwa redio au kwa taa. Nyambizi ilipojua kwamba inaangaliwa kutoka juu, mara nyingi ilijificha chini isithubutu kupiga.

Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Haidrojeni huwaka upesi sana. Cheche moja ilitosha kuteketeza chombo chote. Mwezi wa Julai mwaka 1919, baada ya vita kwisha, meli nyingine ya aina hiyohiyo iliwaka moto juu ya bahari. Watu wote waliokuwamo walikufa.

7. Lavery angani

Mwaka 1918 Lavery alikwenda East Fortune, katika Scotland. Hapo palikuwa na kituo cha meli za angani. Vibanda vya kuziwekea vilikuwa vikubwa kama vilima. Watu wengi walishika kamba kuitoa meli moja nje, ili upepo usiichukue.

Mzee Lavery akapanda pamoja na askari. Chombo kikapaa. Mashamba yakawa madogo, kisha pwani ikapita, kisha ikabaki bahari tupu. Chini yao msafara wa meli ulikuwa ukienda.

Mtu aliyezoea kuchora watu na nyumba akaona kitu kipya kabisa. Maji yaling'aa kwa rangi nyingi. Meli zilipanga mistari. Moshi wake ulivutwa na upepo. Kwa jicho la mchoraji, hayo yote yalikuwa mazuri ajabu. Akayachora. Ndiyo picha uliyosoma habari zake mwanzoni.

Kumbuka, msomaji, kwamba baba wa mtu huyu alikufa maji. Katika maji hayo chini, meli nyingine zilizama na watu wake. Ndani ya nyambizi pia walikuwamo vijana, nao walikufa gizani chombo kilipopigwa. Lakini kutoka juu hayo hayaonekani. Kilio hakisikiki. Uso wa mtu hauonekani. Yanaonekana maji, mwanga na rangi.

8. Makaburi kando ya bahari

Mwezi wa Novemba mwaka 1918 vita vikaisha. Lavery alikuwapo ndani ya manowari kubwa ya Waingereza wakati wakuu wa manowari za Kijerumani walipokuja kusikiliza masharti ya kusalimu amri. Alichora mkutano huo. Mwaka huohuo alipewa heshima na mfalme, akaitwa Sir John Lavery.

Mwaka 1919 alikwenda Ufaransa, baada ya mizinga kunyamaza. Akafika Étaples, mji mdogo ulio karibu na bahari. Wakati wa vita mji huo ulikuwa na hospitali nyingi za askari. Waliokufa katika hospitali hizo walizikwa hapohapo. Makaburi yao yanazidi 11,000.

Lavery alichora makaburi hayo. Safari hii hakuwa angani. Alisimama chini, juu ya mchanga, kama mfiwa. Katika picha hiyo misalaba imesimama safu kwa safu, na katikati ya makaburi kuna wanawake. Hakuna mtu anayepigana. Lakini mtu akiitazama anajua vita vilimgharimu nani.

9. Miaka ya baadaye

Baada ya vita hivyo, Ireland nayo ilipigania uhuru wake. Lavery, aliyezaliwa Ireland na kuishi Uingereza, alikuwa na rafiki pande zote mbili. Mwaka 1921 wajumbe wa Ireland walikuja London kufanya mapatano. Lavery na mkewe waliwafungulia nyumba yao. Wajumbe wa Ireland waliingia, na mawaziri wa Uingereza waliingia. Lavery aliwachora wa upande huu na wa upande ule. Mapatano yalitiwa sahihi mwezi wa Desemba mwaka huohuo, na sehemu kubwa ya Ireland ikawa na serikali yake.

Serikali hiyo mpya ilipotoa noti zake mwaka 1928, ilitaka ziwe na sura ya mwanamke wa Ireland. Lavery akaombwa kuichora. Akamchora mkewe Hazel, amejifunika mtandio kichwani kama mwanamke wa shamba. Kwa miaka mingi watu wa Ireland walinunua na kuuza kwa noti zenye sura ya mwanamke aliyezaliwa Marekani.

Lavery hakuusahau mji alikozaliwa. Mwaka 1929 aliipa makumbusho ya Belfast picha zake nyingi, bila malipo.

Mwaka 1935 Hazel alikufa. Mwaka huohuo akafa na yule binti wa mke wa kwanza. Mzee akabaki katika upweke, lakini hakuacha brashi yake.

Mwaka 1939 Vita vya Pili vya Dunia vikaanza. Mwaka 1940 Lavery alitoa kitabu cha maisha yake. Ndani ya kitabu hicho alizitaja picha zake za vita vya kwanza, na hakujisifu. Alieleza kwamba alipokuwa angani aliona tu uzuri wa rangi na mpangilio, akawasahau wanadamu wenzake waliokuwa wakifa majini na matopeni. Hivyo ndivyo mchoraji maarufu, mwenye cheo, alivyojihukumu mbele ya wasomaji wake, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Alikufa mwezi wa Januari mwaka 1941, huko Kilkenny, Ireland. Alikuwa na miaka 84.

10. Tujifunze nini?

Watu wengine watasema kwamba Lavery hakukosea. Alichora alichokiona, na picha yake ni ya kweli. Meli zilikuwapo. Bahari iling'aa. Bila picha hiyo tusingejua jinsi watu wale walivyozilinda meli za chakula. Maneno hayo yana haki.

Lakini Lavery mwenyewe alitaka zaidi. Alijua kwamba picha inaweza kuwa ya kweli na bado ikaacha nje jambo kubwa. Ukisimama juu ya mlima ukatazama kijiji, utaona mapaa, moshi wa jikoni na mashamba ya kijani. Utasema kijiji hiki kinapendeza. Hutamwona mgonjwa aliyelala ndani ya nyumba moja. Hutajua nyumba ipi imelala njaa. Ili kuyajua hayo, huna budi kushuka na kubisha hodi. Wazee walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa wewe unajua kusoma. Utasoma magazeti, vitabu na matangazo. Utaona picha nyingi, za vita na za amani. Kila utakapoona picha au habari, jiulize mambo mawili. Aliyeitengeneza alisimama wapi? Na ni watu gani ambao hawakuonekana kutoka pale aliposimama?

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Baba yake Lavery alikufaje?
2. Lavery alifanya nini na fedha za bima? Wewe ungefanya nini?
3. Meli za angani ziliwasaidiaje Waingereza kupata chakula?
4. Picha ya msafara na picha ya makaburi zinatofautianaje?
5. Je, Lavery alijihukumu kwa haki? Kila mtu atoe maoni yake na sababu zake.